Sahani Iliyofunikwa

Tangu Jumatano, mama lishe wa stendi ya Mikumi walikuwa wakila kabla ya wateja wao.

Inspekta Tumwagile aliliona hilo mara tu alipoketi kwenye benchi la Mwanvua, Ijumaa mchana, malori yakiwa yamejipanga pembeni mwa barabara ya Iringa. Mwanvua alimwekea ugali, maharage na mchicha. Kabla mgeni hajanawa, akamega tonge mwenyewe, akalichovya mchuzini, akala. Kisha akasimama pale pale, akingoja aonekane amemeza.

"Hii nayo ni nini, dada?"

"Kutoa sumu, afande."

"Si mambo ya pombe hayo?"

"Yalikuwa ya pombe. Sasa dereva hakai hapa mpaka uonje. Asubuhi kuna mmoja kaniambia nionje na chai. Chai ambayo kaiona ikichemka."

Tumwagile alinawa, akala. Ni kweli kwamba muuza pombe wa kienyeji hunywa funda la kwanza mbele ya mnunuzi, na hakuna anayeona vibaya. Lakini chakula cha mama lishe hakikuwahi kudaiwa ushahidi. Mtu alikaa, akala, akaondoka akiamini. Sasa imani hiyo ilikuwa imelala chini pamoja na kibanda cha jirani, upande wa pili wa kijia, ambako vijana wa stendi walikuwa wameng'oa nguzo na kukanyaga masufuria mpaka yakawa bapa. Kilichobaki kizima ni mafiga tu.

Kibanda hicho kilikuwa cha Costancia. Dereva wa lori aitwaye Anselmi alikula hapo Jumatano mchana, akarudi kupumzika gesti alikolala usiku wa Jumanne, akakutwa amekufa kitandani kabla jua halijatua, matapishi yakiwa sakafuni. Mji haukuhitaji mpelelezi. Kala, kafa. Kufikia magharibi Costancia alikuwa mahabusu, na Tumwagile akatumwa kutoka Kilosa kuja kukusanya vielelezo vya kesi ambayo kila mtu alishaihukumu.

"Ulimwona Anselmi akila?" aliuliza.

"Nilimwona. Alikuja na samaki wake, perege, kamnunua Ruaha asubuhi ile akitoka kushusha mbolea. Madereva ndivyo walivyo, wananunua njiani wanatupa tuwapikie. Siku ile stendi nzima hapakuwa na samaki mwingine."

"Akala?"

"Kula gani. Alimega kidogo, akashika kichwa, akasukuma sahani. Kasema kinamgonga tangu alipoamka."

"Una hakika hakumaliza?"

"Afande, mimi na Costancia tunatazamana kutwa. Sahani ikirudi kwake imejaa naiona, na ikirudi kwangu imejaa anaiona. Ndiyo biashara."

Tumwagile alisukuma sahani yake ikiwa tupu, kwa makusudi, ili Mwanvua apate kitu cha kufurahia siku hiyo.

*

Kituoni, mkuu wa kituo, Herman, alikuwa ameshaandaa gari.

"Jioni hii namhamishia Kilosa," alisema. "Hapa sina mlango wa kuzuia watu wakija na hasira. Jalada likifika kwa mwendesha mashtaka, kesi ya mauaji. Yeye atangoja majibu ya mkemia huko huko rumande."

"Majibu yanaweza kuchukua miezi, na mauaji hayana dhamana."

"Sheria sikuitunga mimi, afande."

Hakuwa mtu mbaya, Herman. Alikuwa mtu aliyechoka, na aliyechoka hupenda jibu lililo karibu. Tumwagile aliomba chumba na mtuhumiwa.

Costancia aliingizwa akiwa amejifunga khanga kiunoni kama anayetaka kwenda jikoni. Alikuwa mama wa makamo, vidole vimebabuka kwa moshi na mvuke. Inspekta alisimama.

"Shikamoo, mama."

Costancia alimtazama kwanza, kuona kama ni dhihaka. "Marahaba, mwanangu."

"Nieleze kuhusu chakula cha marehemu."

"Nilimkaangia samaki wake, nikamtia nyanya na bamia kama alivyotaka. Nikamsongea ugali. Akala."

"Kiasi gani?"

"Alimaliza."

"Chote?"

"Chote. Nilirudisha sahani tupu."

Tumwagile hakuandika. Asubuhi daktari aliyemfanyia marehemu uchunguzi kule Kilosa alimwambia kwa simu kwamba tumbo lilikuwa karibu tupu, ila mapafu yamejaa maji, jambo ambalo hakulitegemea kwa mtu aliyelishwa sumu. Mwanvua kasema sahani ilirudi imejaa. Na sasa mtuhumiwa mwenyewe, ambaye ukweli ungemsaidia, anang'ang'ania uongo unaommaliza.

"Mama, Anselmi hakula. Ninao mashahidi wawili, na mmoja wao ni tumbo lake. Mabaki yako wapi?"

Costancia alikunja ncha ya khanga, akaikunjua.

"Nilimwaga."

"Wapi?"

"Kwa mbwa."

"Mbwa gani? Wa nani? Yuko hai?"

Costancia aligeuzia uso ukutani. Katika kazi hii, anayeficha mabaki ya chakula cha maiti ana sababu moja tu, na sababu hiyo ina kamba mwishoni. Tumwagile alitoka chumbani akiwa, kwa mara ya kwanza, anaanza kuamini kama Herman. Lilimuuma. Mama huyu alimwitikia marahaba kama mzazi.

*

Gesti aliyofia Anselmi ilikuwa nyuma ya stendi, vyumba vimepangana ukuta kwa ukuta, dari ni moja la mbao linalopita juu ya vyote. Mhudumu, binti anayeitwa Loveth, alifungua chumba kile bila kuingia.

"Nimeshakideki, lakini mimi siingii tena," alisema. "Siku ile nilifagia mijusi, mende, kila kitu kimelala chali. Mtu kafa na wadudu wake."

Tumwagile aligeuka polepole.

"Mijusi iliyokufa?"

"Ndiyo. Na harufu. Kama mtu kakaanga kitunguu swaumu, na hapa hatupiki."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia mzee Oswald, mwenye gesti. Akasema nisiseme ovyo, yule mama ni mchawi, ndiyo maana hata mijusi imekufa."

Mjusi hali kwa mama lishe. Tumwagile aliomba ufunguo wa chumba cha jirani. Loveth akasema hana, anao mzee. Mzee Oswald aliitwa, akaja na kofia yake mkononi na maneno mengi mdomoni: chumba hicho ni stoo tu, magodoro mabovu, hakuna cha kuona. Kilipofunguliwa hakikuwa na magodoro wala chochote. Kilikuwa kimefagiwa vizuri kuliko vyumba vya wageni.

Lakini fagio haliingii kwenye ufa. Tumwagile alipiga magoti penye kona, akachokoa kwa kalamu. Punje za mahindi. Na katikati ya punje, unga wa kijivu, mwepesi kama majivu ya sigara. Aliinua macho kwenye ukuta. Ukuta haukufika juu. Kati yake na dari palikuwa na nafasi ambayo paka angepita, nayo ilitazama chumba cha Anselmi.

"Magunia umeyapeleka wapi, mzee Oswald?"

"Magunia gani?"

"Uliyoyafukiza. Vidonge vile ukivifungua vinatoa hewa, hewa inaua fukusi, na vikiisha nguvu vinabaki unga huu. Hata mtoto wa mkulima anajua kwamba mahindi yakifukizwa watu hawalali jirani."

Oswald alivaa kofia, akaivua.

"Nilifunika kwa turubai," alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Nilijua turubai linatosha. Wageni walikuwa wengi, nikampa chumba kile. Inspekta, mimi sikumkusudia yule kijana."

"Ulipomwona amekufa, ulijua."

"Nilisikia watu wanasema ni chakula."

"Ukanyamaza."

"Walishasema wao."

Kijana alilala humo, akaamka kichwa kinamgonga, akashindwa kula, akarudi kitanda kile kile kutafuta nafuu. Tumwagile alifikiria hilo la mwisho. Alimkabidhi Oswald kwa askari, akafunga unga na punje kwenye bahasha, akarudi kituoni akidhani kazi imekwisha.

*

"Nimeelewa," Herman alisema. "Oswald tumemshika, sawa. Lakini akipata wakili kesho atakana, na unga wako unakwenda kwa mkemia yule yule, foleni ile ile. Mimi nina maiti aliyekula, akatapika, akafa, na mpishi anayedanganya kuhusu sahani. Kwa nini anadanganya? Nijibu hilo, nimfungulie sasa hivi."

Swali lilikuwa la haki. Tumwagile alirudi chumbani kwa Costancia na kumweleza kila kitu: mijusi, magunia, turubai. Alitegemea kuona uso ukifunguka. Ulifunguka kidogo tu, ukajifunga tena.

"Mama, bado kuna suala la sahani hii. Ikiwa kuna kiumbe aliyekula mabaki yale na yuko hai, umepona leo. Nani alikula?"

"Nipeleke Kilosa," alisema Costancia.

"Hujanisikia."

"Nimekusikia. Nipeleke tu."

"Na mumeo? Nasikia ana kiharusi. Nani atampikia?"

Hapo ndipo Costancia alipolia. Alilia bila sauti, ameziba mdomo kwa khanga, na Tumwagile akaelewa kwamba ameuliza swali lile lile mara mbili.

"Ni yeye," alisema Inspekta taratibu. "Yeye ndiye aliyekula."

"Usimwulize. Nakusihi, mwanangu, kwa mama aliyekuzaa."

"Kwa nini?"

Ilichukua muda. Maneno yalitoka kwa vipande. Mumewe, Kornelio, alipoanguka, shamba lilikwisha, kikabaki kibanda. Sufuria ya biashara haiguswi mpaka wateja waishe, na wateja wakiisha, sufuria nayo imekwisha. Ndipo akaanza. Mteja akiacha nusu sahani, yeye huondoa palipoguswa, hupanga upya, hufunika kwa sahani nyingine na kupeleka nyumbani. Chakula cha baba. Akifika humwambia mumewe: nimekupakulia wewe kwanza, kabla sijauza.

"Kila siku husema hivyo, naye kila siku hunishukuru," alisema Costancia. "Yule baba alikuwa mtu, mwanangu. Nyumbani kwake hakuna aliyegusa sufuria kabla yake. Leo aambiwe na polisi kwamba nimemlisha makombo ya watu wa njiani? Bora niitwe muuaji. Muuaji watanisema wengine. Hili atalijua yeye."

Tumwagile alisimama. Kisha akatoka kumwomba Herman asiwashe gari bado.

*

Kornelio alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha kamba, mkono wa kushoto umelala pajani. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Jirani alikuwa amemletea uji tangu jana, na kikombe kilikuwa bado kimejaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye Inspekta. Mke wangu ameshakula?"

"Amekula kidogo." Tumwagile alivuta kigoda. "Baba, Jumatano ulikula nini?"

"Perege. Kwa nyanya na bamia."

"Uliumwa baadaye?"

"Hapana."

"Uliletewa samaki mzima?"

 Mzee alimtazama kuku aliyekuwa akichokora kando ya jaa, ambapo miiba ya samaki ilikuwa bado inang'aa.

"Inspekta, unaniuliza habari za samaki, au unaniuliza habari za mke wangu?"

"Nauliza kwa sababu ya mke wako."

"Basi nitakuambia. Nilikuwa mhudumu wa behewa la chakula, treni ya Kigoma. Miaka yangu yote nimepeleka sahani mezani na kuzirudisha jikoni. Sahani iliyoliwa naijua hata ukiipamba." Alipumua. "Mke wangu anapanga vizuri. Ugali akishaukata, analainisha upande ulioumegwa kwa mwiko wenye maji. Nikiona upande mmoja unang'aa kuliko mwingine, najua hapo palipita mkono wa mtu."

Tumwagile alisahau kalamu. "Umejua tangu lini?"

"Tangu sahani ya kwanza."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Ningekataa, angeniletea sehemu yake yeye. Halafu yeye angekula nini?" Mkono wake mzima ulipapasa ule uliolala. "Anasema, nimekupakulia kwanza. Nasema, asante mama Irine. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyobaki kwenye nyumba hii. Nisingeyavunja."

 Tumwagile aliyapangusa macho yake kwa kiganja, wala hakujificha.

"Baba, ukiandikisha kwamba ulikula sahani ya Anselmi ukaimaliza, hukuugua, anatoka leo. Lakini maelezo yatasomwa. Atayasikia."

"Andika kwamba mimi ndiye nilimwomba mabaki. Andika nina uroho wa samaki. Aibu iwe yangu."

"Siwezi kuandika uongo, baba."

Kornelio aliwaza.

"Basi andika nilikula, nikamaliza, sikuugua. Hayo ni kweli?"

"Ni kweli."

"Hayo mengine niachie. Akirudi nitamwomba mabaki. Nikishaomba, si uongo tena."

Aliweka sahihi kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni, akachelewa kwenye herufi ya mwisho.

*

Herman alisoma maelezo akiwa amesimama, akayasoma tena akiwa ameketi, halafu akamwambia askari afungue mlango. Tumwagile alimpeleka Costancia nyumbani mwenyewe, kwa miguu, katikati ya stendi, ili waliokanyaga masufuria wamwone anatembea na Inspekta. Mwanvua pekee ndiye aliyesimama. Alikuja na kifurushi cha unga na fungu la mchicha, akampa mikononi. Wengine walitazama matairi ya malori.

Walipokaribia nyumbani, Costancia alipunguza mwendo. Kornelio alikuwa bado mlangoni.

"Mama Irine, umerudi."

"Nimerudi, baba Irine."

"Yule perege wa yule kijana, Mungu amrehemu, alikuwa mtamu. Siku nyingine mteja akibakisha samaki, niletee. Usimpe mbwa."

Costancia alisimama. Alimtazama mumewe muda mrefu, akitafuta hasira, akitafuta kebehi. Aliona uso ule ule uliomshukuru kila siku, na akajua kwamba haukuwa umesikia habari mpya leo.  Alifunika kichwa kwa khanga, akaingia jikoni.

Ukweli ni kwamba hapatakuwa na samaki wa kubakishwa. Kibanda hakipo, na stendi ya Mikumi itachukua muda mrefu kusahau ilichokiamini kwa jioni moja. Mpelelezi huweza kumtoa mtu mahabusu. Kumrudisha kwenye vinywa vya watu hawezi. Tumwagile alilijua hilo, na alipoambiwa akaribie chakula alikaribia, ingawa alishashiba kwa Mwanvua.

Costancia alileta ugali na mchicha kwenye sahani moja, bila kufunika. Aliwanawisha, mumewe kwanza, mgeni baadaye. Ugali ulikuwa wa mviringo, mzima, haujaguswa na mtu, unafuka mvuke pande zote. Kisha akapiga magoti mbele yao, akamega tonge, akalichovya, akaanza kulipeleka kinywani mwake, macho yakiwa kwa wale wawili, ili waone akimeza.

Katika ndoa yake yote hakuwahi kumwonjea mumewe.

Kornelio alinyoosha mkono wake mzima. Alimshika kifundo cha mkono kabla tonge halijafika mdomoni, akauvuta mkono ule kwake, akala tonge lile kutoka kwenye vidole vyake.

"Kwangu huonji," alisema.